Dawa Yetu na Mtoto wa Jirani

Tumfikirie mama mmoja wa Ugogo, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa wa namna yake ni wengi. Ni mwezi wa Juni, kipupwe chavuma na kuinua vumbi, na mwanawe wa miaka kumi amekohoa siku tatu. Zahanati iko mbali, na jirani aliyekwenda jana alirudi na habari kwamba dawa zimekwisha. Basi mama afungua pindo la khanga, ahesabu fedha zake, ashika njia ya kwenda duka la dawa. "Shikamoo, mama," asema muuza dawa. "Marahaba, mwanangu. Nipe zile rangi mbili." "Dozi nzima, mama?" "Nipe za fedha hizi." Apewa vidonge sita. Siku ya tatu kijana acheza na wenzake uwanjani, na vidonge viwili vilivyosalia vyafungwa katika kitambaa, viwe akiba ya ugonjwa mwingine.

Je, mama huyu ametenda kosa? Kila mzazi atajibu kwamba ametenda tendo la upendo, na sisi hatukatai. Lakini miezi michache baadaye mtoto mchanga wa nyumba ya pili ashikwa na homa ya mapafu. Apelekwa hospitali, apewa dawa ile ile kwa kipimo kamili, na dawa haifanyi kazi. Vijidudu vilivyomo mwilini mwake havisikii tena. Vilitoka wapi? Huenda kwa kijana yule, huenda kwa mtu mwingine aliyefanya kama yeye. Hakuna awezaye kujua. Na hapo ndipo swali letu la juma hili lilipo: Madhara yanapompata mtu tusiyemjua, kwa njia tusiyoiona, kutokana na tendo tulilolifanya kwa upendo wa watoto wetu, je, twawajibika mbele ya Mungu?

Swali hili si letu wa kwanza kuliuliza. Bwana Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, na katika hotuba yake siku zile aliwatolea wasikilizaji mfano. Mtu mmoja aumwa koo, ajinunulia penisilini, anywa kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu lakini yatosha kuvifanya vistahimili. Kisha amwambukiza mkewe, naye mke apata homa ya mapafu, atibiwa kwa penisilini, afa. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, akajibu mwenyewe kwamba ni mume, kwa uzembe wake. Wakati huo dawa hiyo ilikuwa mpya kabisa, na dunia nzima ilikuwa ikiisifu. Mgunduzi wake alikuwa ameanza kuonya.

Yafaa kwanza tulielewe jambo lenyewe, kwa sababu wengi hulieleza kwa makosa. Watu husema, "Mwili wangu umezoea dawa hii." Sivyo. Mwili haukuzoea kitu. Walioshinda dawa ni vijidudu, na vijidudu hivyo vyaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajapata kumeza hata kidonge kimoja cha dawa ile. Wengine husema kwamba vijidudu vimejifunza. Hata hilo ni mfano tu, wala si kweli kamili, maana vijidudu havina akili ya kujifunza.

Sisi wa nyanda za kati tuna mfano ulio bora zaidi. Tuutazame mwaka wa ukame. Mahindi yaungua, majani laini yakauka, lakini mbuyu wasimama, na miiba yasimama. Je, jua ndilo lililoufundisha mbuyu kutunza maji katika shina lake? La. Mbuyu ulikuwa hivyo kabla ya ukame kuja. Kazi ya jua ilikuwa kuwaondoa waliokuwa dhaifu na kuwaachia nafasi wale waliokuwa wagumu tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa vijidudu. Kijidudu kimoja cha tumboni, kikipata chakula na joto la kufaa, chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa muda wa dakika 20 hivi. Kwa saa 10 uzao wake waweza kupita milioni elfu moja. Katika kundi kubwa namna hiyo hutokea makosa madogo ya kunakili urithi, na baadhi ya makosa hayo huwa ngao. Kimoja chaweza kutoa kimeng'enya cha kuivunja dawa. Kingine chaitapika dawa nje kila inapoingia. Kingine kimebadilika pale dawa ilipozoea kushika, nayo yakosa pa kushika. Dawa ikija, wenzao wafa, nao wabaki peke yao, shamba lote ni lao.

Tena vijidudu vina desturi ambayo mbuyu hauna. Vyaweza kupeana ngao. Kipande kidogo cha urithi hutoka kwa kijidudu kimoja kuingia katika kingine, hata kama si wa jamii moja, hivi kwamba ugumu uliopatikana ndani ya kijidudu kisichodhuru waweza kufika katika kijidudu kinachoua. Wala ngao hizi hazikuanza na sisi. Mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa watu wengi, wataalamu wa Oxford walikwisha kukiona kimeng'enya cha kuivunja. Mambo haya yalikuwamo katika maumbile tangu kale. Sisi tumeleta ukame, na ukame wetu hauna msimu.

Matokeo yake tumeyaona mapema. Dawa ya streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza kwa wagonjwa wa kifua kikuu, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu miezi ya kwanza, kisha wengine wakarudi nyuma, na makohozi yao yakakutwa na vijidudu visivyojali dawa ile. Tangu hapo ikajulikana kwamba kifua kikuu hakipigwi kwa dawa moja. Na leo? Hesabu iliyofanywa na wataalamu wa nchi nyingi na kutolewa mwaka 2022 yaonyesha kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya usugu wa vijidudu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko sehemu nyingine za dunia. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa kwa watoto waliolazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na kutolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na aina fulani za vijidudu katika damu walikufa kwa wingi kupita mara mbili kuliko waliokuwa na malaria, na kwamba usugu wa vijidudu hivyo kwa dawa walizopewa ulikuwa moja ya mambo yaliyotabiri kifo. Hao ni watoto wa watu. Ni watoto waliobatizwa na watoto wa ndugu zetu Waislamu, waliofikishwa hospitali, wakapewa dawa, na dawa ikawa kama maji.

Sasa msomaji atasema: Vidonge sita vya mama mmoja ni nini mbele ya msiba wa dunia nzima? Hoja hii ina nguvu, na hatupendi kuipuuza. Tuipeleke Kondoa, tuione huko.

Wazee wa Kondoa waijua nchi yao ilivyoliwa na makorongo. Milima ilibaki mifupa, mchanga ukashuka mabondeni ukafunika mashamba. Ni nani aliyeiharibu? Hakuna mtu mmoja. Huyu alikuwa na ng'ombe kumi, yule mbuzi ishirini, na kila mmoja aliwachunga kwa haki yake katika malisho ya wote. Kila mfugaji angeweza kusema kwa kweli kabisa kwamba mbuzi wake mmoja zaidi hakuleta korongo. Hata hivyo makorongo yalikuja. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wauita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lile lililomomonyoka. Lilikuwa jambo chungu, na waliolibeba ni wenyeji. Lakini majani yalirudi, na miti ikarudi, ijapokuwa makorongo mengine yapo hata leo.

Dawa za kuua vijidudu ni malisho ya namna hiyo. Kila anayezitumia, hata kwa haki, apunguza kidogo nguvu zitakazobaki kwa mwingine. Dawa ya kutuliza maumivu haiko hivyo: nikimeza mimi, jirani hapungukiwi. Hizi ziko hivyo. Ndiyo maana twasema kwamba nguvu ya dawa hizi si mali ya mwenye kununua. Amenunua kidonge, hakununua nguvu yake, maana hiyo ni ya wote, na ya wale watakaozaliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba Mungu aliviweka vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote, na kwamba mwenye mali hana budi kuihesabu kama kitu kinachowafaa na wengine pia. Hatuoni mali ambayo mafundisho hayo yaifaa kuliko hii.

Basi hoja ya "kidogo changu si kitu" haisimami. Aibaye punje moja katika ghala la kijiji ameiba kidogo, lakini ameiba. Na kijiji chote kikifikiri kama yeye, ghala li tupu. Hata hivyo tusiikimbilie hukumu. Kutumia si kuiba. Malisho yamewekwa yaliwe, na dawa imefanywa imezwe. Yoshua bin Sira, katika kitabu chake kilichomo katika Biblia yetu, atufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, kwa kuwa Bwana ndiye aliyeziumba kutoka ardhini. Mgonjwa mwenye homa ya mapafu asipopewa dawa kwa kisingizio cha kuzihifadhi, hilo ni kosa kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Swali si kama tutumie. Swali ni kutumia namna gani, na ni deni gani tunalolichukua tunapotumia.

Kwa swali hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Twende Kongwa.

Kongwa ile ile ambayo wazee waikumbuka kwa mpango wa karanga wa mwaka 1947, yajulikana na madaktari wa macho duniani kwa sababu nyingine. Ni nchi ya ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu wauita trakoma. Kijidudu chake huhama kutoka jicho la mtoto kwenda jicho la mtoto, kwa mikono, kwa nguo, na kwa nzi wanaofuata uso mchafu. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zake zapata makovu. Na mara nyingi ni katika utu uzima, na kwa wanawake zaidi kwa kuwa ndio walezi wa watoto, kope hupinduka ndani, zikakwaruza jicho kila linapofumba, mpaka giza. Katika vijiji vilivyopimwa huko Kongwa katika miaka ya 1980, watoto wengi wadogo walikuwa na ugonjwa huo.

Ikapatikana dawa, azithromaisini, inayomezwa mara moja tu. Kampuni iliyoitengeneza ikaitoa bure, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kijiji kizima, dawa hugawiwa kijiji kizima, wagonjwa na wazima pamoja. Macho mengi yakaokolewa. Lakini wataalamu waliofuatilia watoto wa Kongwa baada ya mgawo waliona jambo jingine. Kijidudu cha vikope chenyewe hakikuonekana kuwa sugu. Waliobadilika ni majirani zake, ambao hawakuwamo katika ugomvi: vijidudu vya tumboni, na vile vya puani na kooni viwezavyo kuleta homa ya mapafu. Kabla ya dawa, sehemu ndogo tu ya vijidudu vya tumbo vilivyopimwa ilikuwa sugu kwa dawa hiyo. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa imepita nusu. Miezi ilivyopita usugu ulipungua, lakini hata baada ya miezi sita haukuwa umerudi ulipokuwa.

Je, ilikuwa vibaya kuwapa watoto wa Kongwa dawa? Hapa twaomba msomaji asitupe jibu la haraka, maana hili ndilo fundo la neno letu.

Walimu wa Kanisa, wakimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wametufundisha namna ya kupima tendo lenye matokeo mawili, moja jema na moja baya. Tendo lenyewe liwe jema, au angalau lisiwe ovu. Mtendaji akusudie lile jema. Jema lisipatikane kwa njia ya lile baya. Na mwisho, liwepo jambo zito la kutosha ili lile baya livumiliwe. Tukilipima tendo la Kongwa, twaona kwamba lasimama. Kuponya macho ni jema; hakuna aliyekusudia usugu; macho hayakupona kwa njia ya usugu; na upofu ni jambo zito. Kwa hiyo hatusiti kusema kwamba ilikuwa halali, tena ilikuwa huruma.

Lakini mara nyingi watu hukomea hapo, kana kwamba tendo likiisha kuhalalishwa, basi hesabu imefungwa. Sivyo. Anayevumilia madhara kwa ajili ya jema kubwa amefungwa na wajibu wa kuyapunguza madhara hayo kadiri awezavyo. Na huko huko Kongwa njia ya kuyapunguza ilikwisha kuonyeshwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho peke yake na vijiji vilivyopewa dawa hiyo pamoja na mafundisho ya nguvu juu ya kuwaosha watoto nyuso. Katika vijiji vya nyuso safi, vikope vikali vilipungua zaidi. Maji kidogo tu, kiasi cha kujaza kiganja mara chache, yalifanya kazi ambayo vinginevyo ingedaiwa kwa dawa. Nasi twajua maji ni nini Ugogoni: twajua safari ya mama kabla ya jua, na dumu kichwani, na kuamua maji haya yapikie au yanawishe.

Basi, hili ndilo neno tunalotaka libaki: Kila tunapotumia dawa ya wote, twachukua deni kwa wote, na sehemu kubwa ya deni hilo hulipwa kwa maji, kwa choo, kwa chanjo na kwa uso safi. Ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa, na dawa isiyohitajiwa haizai usugu. Anayechimba kisima Kongwa alinda dawa ya mtoto aliyelala hospitalini Dodoma, ingawa hao wawili hawatajuana mpaka siku ile Bwana atakapowajulisha.

Sasa turudi kwa mama yetu, tumpe haki yake. Je, yeye ndiye mwenye hatia, kama mume yule katika mfano wa Fleming? Twajibu kwa moyo mmoja: si yeye wa kwanza. Kosa hupimwa kwa ujuzi na kwa uhuru. Hakuna aliyemweleza, na fedha zake zilikuwa chache. Kumwambia maskini amalize dozi asiyoweza kuinunua ni kumtwika mzigo tusiougusa kwa kidole. Tena ni kweli, na yatupasa kuitamka, kwamba wapo watoto wengi barani Afrika wanaokufa kwa kuikosa dawa kabisa, ambao dawa ya bei ndogo ingewaponya. Anayehubiri juu ya wingi wa dawa bila kukumbuka upungufu wake anahubiri nusu ya kweli.

Mzigo wa mama huyu wagawanyika, na kila mmoja auchukue wake. Muuza dawa ajua kwamba dawa hizi zahitaji cheti cha daktari. Akiuza vidonge sita bila swali, hasaidii maskini, achukua shilingi zake na kumrudisha na hatari. Tabibu aandikaye dawa hizi kwa mafua ya kawaida, ili mgonjwa aondoke ameridhika, ajua kwamba mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizi hazivigusi. Mfugaji adungaye ng'ombe au achanganyaye dawa katika maji ya kuku bila kumwuliza bwana mifugo, kisha akauza maziwa na mayai kabla siku zilizoagizwa hazijapita, aeneza ukame ule ule kwa njia ya sahani. Serikali, iliyotoa mpango wa kwanza wa taifa juu ya usugu huu mwaka 2017, ina wajibu wa kuona kwamba zahanati ya kijiji haikaukiwi na dawa, maana kabati tupu ndilo linalompeleka mama dukani.

Na Kanisa? Tusijitoe. Tuna hospitali na zahanati nyingi, na mizani tunayowapimia wengine yatupima sisi pia. Hata katika nyumba za mapadre, tuungame, halikosekani kopo la vidonge vilivyosalia, tunavyogawiana kwa ukarimu kila mmoja anapokohoa. Wana wa Israeli waliiokota mana ya siku, na waliolimbikiza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu. Vidonge vilivyofichwa katika kitambaa ni mana ya namna hiyo.

Tena tuseme neno moja juu ya kipimo, kwa sababu watu huenda kombo pande mbili. Wengine hupunguza, wengine hudhani kwamba kuongeza ni usalama. Kila siku ya dawa isiyohitajiwa ni siku ya ukame kwa vijidudu visivyo na kosa vilivyomo ndani yetu, na wagumu wao hupata nafasi. Ndiyo maana siku hizi kwa magonjwa kadhaa madaktari wameanza kuandika siku chache kuliko zamani. Basi sheria ni moja: kipimo na siku alizoandika tabibu, bila kupunguza wala kuongeza, wala kumgawia jirani. Kiasi ni fadhila, na twaona kwamba fadhila hiyo yaweza kuokoa maisha ya mtu usiyemjua.

Msomaji asife moyo. Nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba mali ya wote yaweza kulindwa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ukiongozwa kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo. Siri yake haikuwa mashine kubwa. Ilikuwa ni mgonjwa kumeza dawa zake mbele ya mtu mwingine, siku kwa siku katika miezi ya mwanzo, na jina lake kuandikwa kitabuni mpaka apone. Shirika la Afya Duniani likaifanya njia hiyo kuwa mfano kwa mataifa, na leo mara nyingi msimamizi ni ndugu au jirani. Sugu wamekuwapo hata hivyo, na tangu mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro imekuwa ikiwatibu. Lakini nani awezaye kuhesabu wangekuwa wangapi kama jirani hangeketi pale na kikombe cha maji mkononi, akimtazama mwenzake akimeza?

Twaipenda picha hiyo kuliko hotuba nyingi. Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, naye akajifanya kwamba hayo hayamhusu. Yule jirani mwenye kikombe amelijibu swali lile lile kwa kuketi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, jioni ya leo baba na mama wafungue kabati na kitambaa, wavitoe vidonge vilivyosalia, wavirudishe zahanati viteketezwe kwa usalama. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waulize ni nyumba ipi isiyo na maji ya kunawa wala choo, na ni mgonjwa yupi aliyepewa cheti cha dawa akakosa fedha ya dozi nzima, kisha wachange. Shilingi za jumuiya zikimwezesha mama yule kununua vidonge vyote alivyoandikiwa, badala ya sita, zimemponya mwanawe, na zimemlinda mtoto mchanga wa nyumba ya pili, ambaye hajui kamwe kwamba tulimfikiria.